Siku ya kupanda meli ya kruzi Galveston: kipi umpe mpagazi, kipi kisitoke mkononi

Haya jamani, kila likizo za shule zikikaribia napigiwa simu na watu wa Houston na Dallas, maswali ni yale yale, tufike saa ngapi, tubebe nini, bibi ana viza tu atapanda kweli, kwa hiyo nimeona niandike mara moja niwe nawatumia. Mi nimepanda hizi meli za matembezi pale bandari ya Galveston, Texas, mara nne, mara ya kwanza ilikuwa vurugu tupu na shangazi yangu nusura abaki nchi kavu, nitasimulia. Sizungumzii bei wala meli ipi nzuri, nazungumzia ile siku moja tu, toka mnaamka mpaka meli inang'oa.

Kwanza lala karibu. Ukitoka Dallas ni kama maili 290, masaa manne na nusu hadi matano kama I-45 imetulia, na ile barabara kutulia ni bahati yako. Kutoka Houston mjini ni maili 50 tu lakini nazo ajali moja inatosha kuwaweka barabarani masaa mawili. Wanaokuja kwa ndege ndo kabisa, usikate tiketi ya ndege ya siku ile ile, njoo jana yake, na kama una uchaguzi shukia uwanja wa Hobby maana upo kusini mwa Houston upande wa kuelekea Galveston, ile George Bush ipo kaskazini kabisa unavuka mji mzima. Na kama mnaenda miezi ya baridi, Desemba mpaka Machi hivi, mjue kuna ukungu. Ukungu ukitanda bandari inafungwa meli zinasubiri nje baharini, meli iliyotakiwa kuingia alfajiri inaingia mchana, na nyinyi mnapanda jioni. Sio kosa la mtu. Kampuni zinatuma meseji na imeili asubuhi, kwa hiyo namba ya simu uliyoandika kwenye bukingi iwe yako na sio ya yule rafiki aliyekusaidia kubuku, mkiambiwa msogeze muda basi sogezeni kweli, mkijifanya wajanja mkaenda mapema mtakaa kwenye gari na watoto wanalia.

Faida nyingine ya kulala Galveston ni kwamba mji wenyewe una mambo. Tembeeni mtaa wa Strand jioni, hapo Galveston ndipo tarehe 19 Juni 1865 jeshi lilipotangaza kwamba watumwa wa Texas ni watu huru, ndiyo hiyo Juneteenth tunayopewa ofu kazini siku hizi, kuna mchoro mkubwa sana ukutani pale. Mama alisimama akautazama kimya muda mrefu, akasema mbona kule Bagamoyo hatujachora kitu kama hiki. Sikuwa na jibu.

Sasa saa. Mkishafanya chekini mtandaoni (na mfanye mapema, kila kampuni ina siku zake za kufungua, ikifunguka tu ingia siku hiyo hiyo sababu muda mzuri unaisha haraka) mnapewa miadi ya kufika bandarini, mfano 11:30. Hapo ndo tulipochemka sisi. Nikaandika kwenye grupu la familia "jamani tunaingia saa tano na nusu", mi najua nimeandika Kiswahili na watu wangu wote ni Waswahili. Kumbe mtoto wa mjomba amekulia Dallas, Kiswahili anakielewa vizuri tu ila saa anazisoma kama zilivyo kwenye simu, yeye akaelewa 5:30 ya jioni. Saa mbili asubuhi nampigia yuko wapi, ananiambia ndo naamka, nitatoka mchana hivi. Meli inaondoka saa kumi jioni! Ilibidi aruke kitandani akaja mbio, alifika saa nane kasorobo, ana viatu viwili tofauti. Kwa hiyo kwenye grupu andika 11:30 AM, hata kama mnaandikiana Kiswahili kitupu, tena wekeni picha ya ile bodingi pasi yenyewe.

Na usichanganye muda wa meli kuondoka na muda wa kufunga mlango. Meli ikiandikwa inaondoka saa kumi, kupanda kunafungwa kabla, kampuni nyingi ni saa moja au saa moja na nusu kabla, sababu orodha ya abiria lazima iwe imefika kwa watu wa mpaka wa Marekani dakika 60 kabla ya meli kuondoka. Jina lako lisipokuwemo, hata umuone nahodha kwa macho huingii. Upande wa pili usifike mapema kupita miadi yako eti uwahi siti, siti ya nini, sio daladala. Chumba chako kipo na namba yake.

Makaratasi ndo yanayorudisha watu, nayo hayana huruma. Raia wa Marekani, kama meli inaanzia Galveston na kurudi Galveston, anaweza kupanda na cheti cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho cha serikali chenye picha, na watoto chini ya miaka 16 cheti cha kuzaliwa tu kinatosha. Aliyepata uraia kwa kuapishwa anaweza kutumia kile cheti cha uraia na kitambulisho. Ila mi nasema bebeni paspoti, ukiumwa ukaachwa hospitali Cozumel kule Mexico utarudi na ndege, na kwenye ndege cheti cha kuzaliwa hakikusaidii. Mwenye grinkadi abebe kadi yenyewe, sio picha kwenye simu, na paspoti ya nchi yake ambayo haijaisha. Mgeni kama mama yangu aliyekuja kutembea na viza, angalia viza yake ni ya kuingia mara nyingi, pale kwenye stika panakuwa na herufi M, sababu mkienda Mexico mmetoka Marekani na mnaingia tena, akiwa na ya mara moja ameitumia tayari. Mexico yenyewe haiwasumbui, ukiwa na grinkadi au viza ya Marekani iliyo hai hawakudai viza yao hata kama paspoti ni ya Tanzania au Kenya. Lakini meli zingine zinapita Honduras, Belize, Jamaica, Cayman, kila moja na sheria zake, pigia kampuni uulize kwa paspoti yako wewe, usiulize kwa jirani maana jirani ana paspoti ya Marekani.

Kuna kitu hapa hakiandikwi popote ila kinatuuma sisi zaidi, majina. Paspoti ya mama ina majina matatu, lake, la baba yake na la babu yake. Dada yangu aliyebuku akaandika jina la mama na ubini wa marehemu baba, sababu ndivyo anavyojulikana hata msikitini. Fikiria paspoti inasema hivi na tiketi inasema vile. Tuligundua wiki mbili kabla, dada akapiga simu wakarekebisha bila hata shilingi, lakini ungegundua mlangoni ingekuwa kesi. Kwa hiyo fungua paspoti ya kila mtu, soma ile mistari ya chini yenye vimshale, ndo hayo majina uyaweke kwenye bukingi. Ambaye jina lilibadilika kwa ndoa na tiketi ina jingine, beba cheti cha ndoa.

Watoto wa ndugu pia. Sisi tunasafiri na mtoto wa dada, mtoto wa kaka, kwetu wote ni watoto wetu, huku sio hivyo, mtoto ambaye wazazi wake hawapo kwenye safari anahitaji barua ya ruhusa ya wazazi iliyogongwa muhuri na nothari, yule anayethibitisha hati. Mtoto mchanga kampuni nyingi zinataka awe ametimiza miezi sita, na safari zingine ndefu mwaka mzima. Mjamzito akiwa atafikisha wiki 24 hata siku ya mwisho ya safari hawampandishi, na kabla ya hapo wanataka barua ya daktari. Hii usijaribu kuficha na dera.

Sasa nije kwenye mabegi ambako ndo niliposema shangazi nusura abaki. Ukifika pale mnakuwa na mabegi ya aina mbili. Makubwa mnampa mpagazi nje pale pale mnaposhukia kwenye gari, anayatupa kwenye kitoroli kikubwa kama kizimba cha chuma, yanaenda kwenye eksirei na hamtayaona tena mpaka jioni au usiku mlangoni kwa chumba chenu. Madogo mnaingia nayo wenyewe. Kila kitu siku hiyo kinategemea umegawaje vitu kati ya hayo mawili. Mi kanuni yangu, begi dogo lipange kama vile lile kubwa limezama. Paspoti, viza, grinkadi, bodingi pasi, dawa zote (za presha, za sukari, za mtoto, zote), miwani, chaja, nguo za kuogelea za watoto sababu bwawa wataliona saa saba mchana na begi litafika saa moja usiku, pempasi, kanga moja, simu.

Shangazi yeye alikuwa na mantiki yake. Paspoti ni kitu cha thamani, kitu cha thamani kinawekwa mahali pa siri, akaiweka ndani kabisa ya begi kubwa kwenye soksi, akafunga na kufuli. Tukashuka, mpagazi akachukua, nikampa hela yake (wengi wanatoa dola moja mbili kwa kila begi, uwe na noti ndogo ndogo), tukaenda mlangoni. Yule dada wa mlangoni anasema paspoti. Shangazi anatabasamu anasema ipo, nimeihifadhi. Ipo wapi shangazi? Kwenye begi. Nilikimbia kurudi kule nje nikiwa na ndala, kizimba kimeshajaa kimesogezwa ndani ya mstari, nikaelezea begi la bluu lenye magurudumu, mpagazi akanionyesha, mabegi ya bluu yenye magurudumu yalikuwa labda thelathini. Kilichotuokoa ni kwamba shangazi alikuwa amefunga mpini wa begi lake kwa kipande cha kisutu, ile kanga nyekundu na nyeusi ya arusini, kipande kilichochanika akaona asikitupe. Yule mpagazi mzee akakiona kwa chini, kimechungulia kati ya mabegi mawili, akavuta. Dakika arobaini zimepita tayari. Kama kile kizimba kingekuwa kimeshaingia kwenye eksirei ingekuwa habari nyingine. Toka siku hiyo kila begi la ukoo wetu linafungwa kitambaa cha kanga, tena sio utepe mwekundu wa dukani maana huo wanao wote.

Lebo za mabegi chapisha nyumbani, zinakuwa kwenye apu ukishamaliza chekini, kunja, piga steplea nyingi, zungushia selotepu. Zina namba ya chumba. Ikikatika pale wapagazi wanazo za kuandika kwa mkono, usihangaike sana.

Kitu gani hakiingii. Pasi ya kunyooshea nguo, hiyo ndo inaongoza kukamatwa kwa watu wetu. Mishumaa, udi na chetezo pia acheni nyumbani jamani, kwenye meli moto ndo adui namba moja. Birika la umeme, jiko la chai, hapana. Eksitensheni zenye kile kinga ya umeme, hapana, nunua ile ya yuesibi peke yake. Kisu cha jikoni usiulize. Soda na mvinyo kila kampuni ina kiwango chake cha siku ya kupanda, isome. Na chakula cha kupika nyumbani hakiruhusiwi, ni vile vya dukani vilivyofungwa tu. Mama aliamka saa kumi alfajiri hotelini na vitumbua alivyotoka navyo Houston kwenye hotpoti, nikamwambia havitaingia, akasema basi havitatupwa, tukasimama paking tukavila vyote na chai ya chupa, na yule mlinzi wa paking alikula viwili. Anayekula halali aiambie kampuni wiki kadhaa kabla, halafu ukishapanda siku hiyo hiyo nenda mgahawani ukamkumbushe mkuu wa wahudumu kwa mdomo, usisubiri chakula cha usiku ndo uanze kuuliza.

Bandari yenyewe ina terminali kadhaa zote pembeni ya barabara ya Harborside, kuna 10, 25, 28 na hiyo mpya 16. Ya 10 ndo ile ya Royal Caribbean iliyofunguliwa Novemba 2022, ipo mbali mashariki, 25 na 28 zipo karibu na katikati ya mji. Angalia namba kwenye bodingi pasi yako wiki hiyo hiyo, sio ya mwaka jana, usifuate meli unayoiona kwa macho, zote ni nyeupe na zote ni ndefu. Paking buku mapema mtandaoni. Ukiwa na wazee au watoto usiende paking kwanza, shusha watu na mabegi terminali, dereva peke yake ndo aende akapaki arudi na basi dogo au kwa mguu, ila dereva huyo abaki na paspoti YAKE mfukoni, msije mkamwachia funguo mkaondoka na karatasi zake. Mzee asiyeweza kusimama muombee kiti cha magurudumu siku nyingi kabla, na pale nje waambie tena, wanampitisha mstari wake na nyinyi mnapita naye.

Ndani ni kama uwanja wa ndege. Unaonyesha bodingi pasi na paspoti, unapitisha begi kwenye mashine, unapanda juu, mtu mwenye tableti anaskani paspoti na kukupiga picha ya uso. Kama selfi uliipiga nyumbani kwenye apu hapa ni dakika mbili. Wataomba kadi ya benki ya kuunganisha na chumba. Hapa sikiliza, ukitumia debiti wanashikilia hela kila siku na zinachelewa kurudi, unaweza kukuta akaunti ya kodi ya nyumba imekauka ukiwa katikati ya bahari. Tumia kredit, au uwape keshi. Wakikuuliza kama unaharisha au unatapika sema kweli. Halafu mnakaa mnasubiri grupu lenu liitwe, na mkiitwa mnapita darajani, kuna mtu wa picha pale, sio lazima mnunue.

Mkiingia tu watu wote wanakimbilia bafe. Msikimbie. Nendeni kwanza kituo chenu cha kukusanyikia wakati wa dharura, namba yake ipo kwenye kadi au kwenye apu, mnaangalia video, mnafika pale kituoni wanawaskani, robo saa imeisha. Zamani Costa Concordia ilipopinduka Italia Januari 2012 abiria waliopanda siku ile walikuwa hawajafanya hilo zoezi, baadaye sheria ya kimataifa ikabadilishwa lifanyike kabla meli haijaondoka au ikiondoka tu. Nawaona watu wanalifanyia mzaha, wanaskani kadi huku wanachati. Sisi tunaotoka kwenye nchi ya MV Bukoba ya Mei 1996 na Spice Islander ya Septemba 2011, sidhani kama tuna haki ya kulifanyia mzaha. Shangazi, yule yule wa soksi, alimuuliza kijana wa kituoni jaketi la mtoto liko wapi, akaonyeshwa, akataka kulishika, akalishika.

Vyumba kwa kawaida vinafunguliwa kama saa saba na nusu mchana, kadi ya chumba kwa meli nyingi unaikuta kwenye bahasha hapo mlangoni. Kabla meli haijatoka kwenye mlango wa bahari pigeni simu zenu za mwisho, mtume hela mnayotaka kutuma, halafu simu ya kila mtu iwekwe fulaiti modi, na ya bibi pia, na ya mtoto. Ukisahau inashika mnara wa meli yenyewe na hiyo haihusiani na bando lako la mwezi, bili yake inakuja nyumbani ikikungoja. Waifai ya meli unaweza kuwasha ukiwa kwenye fulaiti modi, na kifurushi kwa kawaida ni nafuu zaidi ukinunua kabla ya kupanda.

Mabegi yataanza kufika jioni, moja moja, hayana mpangilio, la mume saa kumi na moja la mke saa mbili usiku. Usiende mapokezi kugomba saa kumi na mbili. Ila ikifika saa tatu na mabegi ya wenzako yote yameshakuja na lako halipo, jiulize umeweka nini humo. La mama lilikuwa hivyo. Alikuwa na kipasi kidogo cha safari, hakuniambia, tukashuka chini kwenye kile chumba wanachoweka mabegi yaliyokamatwa, tukapanga foleni na watu kama ishirini, mbele yetu mzee mmoja na birika lake. Wakafungua mbele yake, wakachukua pasi, wakampa kirisiti cha kuichukulia siku ya kushuka, begi wakampa. Akapanda nalo chumbani, akatoa dera lake la usiku wa kwanza, akalitundika bafuni, akafungulia maji ya moto mlango ukiwa umefungwa, akakaa kitandani kusubiri mvuke ufanye kazi.